Nani Anayejaza Bilauri?

Mtu akifa kwa ulevi, hukumu yetu huwa nyepesi. Twasema, "Alijitakia mwenyewe." Mmoja wawili huongeza kwamba marehemu alikuwa mtu mwema alipokuwa hajanywa, na habari huishia makaburini. Sikusudii kumwondolea mlevi wajibu wake. Mkono ulioinua bilauri ulikuwa wake. Lakini, ndugu msomaji, kama kosa ni la mtu binafsi tu, mbona vifo vya ulevi hufuata mipaka ya nchi? Mbona watu wa taifa moja hufa kwa namna moja, na wa taifa jingine kwa namna nyingine, na hesabu zao hupanda na kushuka pamoja kama bahari inavyojaa na kupwa?

Tuitazame Urusi. Kwa desturi ya zamani ya huko, vodka hainywewi kwa kuonjaonja. Mtu husimama, hutoa maneno ya kutakiana heri, kisha wote humeza bilauri zao kwa mkupuo mmoja. Chupa ikiisha kufunguliwa sharti imalizwe, na mgeni akikataa huhesabiwa kuwa amemdharau mwenyeji wake. Warusi wanalo hata neno, zapoi, maana yake kunywa siku kadhaa mfululizo bila kulevuka. Madhara yake si ya ini peke yake. Watu hufa kwa sumu ya kileo, kwa kuzama mtoni, kwa kuganda na baridi njiani, kwa visu na magari, na kwa moyo uliosimama ghafula. Uchunguzi wa Moscow uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba vifo vya maradhi ya moyo vilizidi Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Moyo haujui kalenda. Desturi ndiyo iijuayo.

Mei 1985 serikali ya Mikhail Gorbachev ilipiga vita ulevi. Bei zilipandishwa, saa za kuuza zikapunguzwa, hata mizabibu ikang'olewa. Wastani wa umri wa kuishi wa wanaume wa Urusi, uliokuwa kama miaka 62 mwaka 1984, ulikaribia 65 mwaka 1987. Kisha watu wakageukia kupika gongo majumbani hata sukari ikaadimika madukani, hazina ikapungukiwa na kodi, na vita ile ikaachwa. Dola ya Kisovieti ilivunjika mwaka 1991, shida zikazidi, vodka ikawa rahisi. Kufika 1994 wastani ule ulikuwa chini ya miaka 58.

Wako wasemao kwamba mambo hayo yathibitisha kuwa sheria haifai kitu. Mimi sioni hivyo. Wanaume wa 1987 hawakuwa wema kuliko wale wa 1984, wala waliokufa 1994 hawakuwa waovu zaidi. Vodka ilisogezwa mbali nao, kisha ikasogezwa karibu, na namna ya kunywa haikuguswa. Baadaye Urusi ilikwenda polepole zaidi. Iliweka bei ya chini kabisa ya vodka, ikakataza kuuza usiku, na kwa sheria ya 2011 ikaitaja bia kuwa kileo (mpaka hapo ilihesabiwa kama chakula!). Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, unywaji ulipungua kwa asilimia 43 kati ya 2003 na 2016, na mwaka 2018 wanaume wakafikia wastani wa miaka 68 hivi.

Wafaransa nao walikunywa sana, ila kwa adabu nyingine: divai mezani, pamoja na chakula, mchana na jioni. Kupepesuka njiani kulikuwa aibu, kunywa hakukuwa. Mpaka mwaka 1956 hata watoto wa shule walio chini ya miaka 14 waliweza kupewa divai katika chakula cha shuleni. Huko ini ndilo lililolipa deni, kimyakimya, kwa watu ambao jirani zao hawakuwaita walevi kamwe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili divai iligawiwa kwa kipimo, na vifo vya ini vikapungua sana mjini Paris. Divai iliporudi, navyo vikarudi.

Mwaka huo huo wa 1956 Mfaransa Sully Ledermann, mtaalamu wa hesabu za watu, aliandika kwamba idadi ya walevi wa kupindukia hufuata kiasi kinywewacho na watu wote. Hesabu zake zimebishaniwa, lakini mwaka 1990 Waingereza Geoffrey Rose na Simon Day walipima makundi 52 ya watu katika nchi 32, nao wakakuta jambo hilo hilo. Wastani ukipanda, walevi huongezeka. Mlevi si mtu aliyejitenga na sisi wenye kiasi. Yuko mwisho wa mstari ule ule tuliopanga sote.

Basi, mnywaji wa chupa mbili za Jumamosi ana sehemu gani katika kifo cha jirani yake? Atasema, na kwa haki, "Sikumlazimisha." Tena atauliza kama uhuru wake utafungwa na udhaifu wa kila mtu. Swali hilo ni zito, na Paulo alikutana nalo Korintho kwa habari ya nyama. Nadhani yafaa kutofautisha kunywa na kuilinda desturi. Anywaye chupa yake nyumbani na kulala hajengi mengi. Ajengaye ni yule ajazaye bilauri ya mwenziwe bila kuuliza, amchekaye anayekataa, na ile kamati ya arusi inayohesabu kreti za bia kwanza, ndipo chakula. Utaona kwenye meza zetu bia huja mapema, tena baridi. Soda huletwa baadaye, ikiwa vuguvugu, na mhudumu huuliza kwa sauti kubwa ni nani aliyeitaka.