Nani Anamchezesha Nani?

Swali hili hunijia zaidi msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wanaume wanaporudi Nachingwea na Ruangwa kutoka Dar es Salaam na Mtwara. Baba anamkuta mtoto wa miezi saba aliyemwacha angali kichanga. Anampokea kutoka kwa mama yake, anamrusha juu, anamdaka, anamrusha tena. Bibi anapaza sauti kutoka jikoni kwamba mtoto ataumia. Baba anacheka: mbona mwenyewe anafurahi? Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo ubishi wa namna hiyo huishia mlangoni kwangu, hata sasa nilipostaafu.

La mwili nalijibu haraka. Kichwa cha mtoto anayezaliwa ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo inayokibeba haikazi sawasawa mpaka karibu mwezi wa nne. Utosi wa mbele kwa watoto wengi hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Mtoto akitikiswa kwa nguvu, kichwa hupepesuka mbele na nyuma, mishipa midogo ya damu kati ya ubongo na fuvu hukatika, na damu huvujia ndani bila jeraha lolote kuonekana nje. Norman Guthkelch, daktari Mwingereza wa upasuaji wa ubongo, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1971. Mara nyingi mtoto anayeumia hivyo hakuwa akichezeshwa. Alikuwa akilia, na mtu mzima aliyeshindwa kuvumilia kilio akamshika na kumtikisa kwa hasira. Kumpakata mtoto magotini na kumrukisha taratibu hakuleti balaa hilo. Kumrusha hewani kuna hatari yake: mikono yenye jasho, mtoto aliyepakwa mafuta, sakafu ya saruji chini, boriti juu. Na kumnyanyua kwa kumvuta mkono mmoja huweza kumtegua kiwiko. Watoto wa chini ya miaka mitano hupatwa na hilo upesi. Kwa hiyo asirushwe, asitikiswe, asivutwe mkono. Shingo ikishakaza, apande, abingirishwe mkekani, abebwe mabegani akiwa ameshikwa vizuri.

Wengi wakishasikia hayo hushukuru na kuondoka. Mimi ndipo swali linaponianzia, maana hata kama tungekuwa na hakika kwamba mikono haitateleza kamwe, bado ningetaka kujua kama tunayo haki ya kumfanyia hivyo kiumbe asiyeweza kusema hapana.

Watoto wa kwetu hawalelewi kwa utulivu. Wanafungwa mbeleko mgongoni wakati mama anatwanga, anapalilia ufuta, anainama na kuinuka chini ya mikorosho kutwa nzima. Ngoma ikilia usiku, mama anaingia uwanjani na mtoto yuko mgongoni. Anatikisika kuliko mtoto yeyote anayerukishwa magotini, na mara nyingi analala fofofo. Siwezi kusema basi kwamba mwendo wenyewe ni ukatili. Ila mtoto wa mgongoni kifua chake kimegusana na mwili unaokwenda. Kinachompata yeye kinampata na mama. Anayerushwa yuko peke yake kule juu, na mwenye kumrusha amekanyaga ardhi kwa miguu yote miwili.

Nililiona hilo wazi pale Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, timu ya Namungo ilipokuwa tayari imepanda Ligi Kuu. Bao lilipoingia, kijana mbele yangu alimrusha mwanawe kwa furaha, mara kadhaa, macho yake yakiwa kwa wachezaji waliokuwa wakikumbatiana. Alimdaka vizuri kila mara. Mtoto alikuwa amekunja ngumi na kutoa macho, na baba hakujua, kwa sababu hakumtazama. Ile furaha ilikuwa ya baba na ya mji mzima, na mtoto alikuwa kitu cha kuishangilia. Hakuumia popote, na bado naamini alidhulumiwa.

Mwalimu wetu wa madrasa, Nachingwea, alitusimulia habari mbili ambazo nimezishika mpaka leo. Ya kwanza imo katika hadithi alizozikusanya Abu Dawud. Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akasinzia, baadhi yao wakaichukua kamba aliyokuwa nayo kwa mzaha. Yule mtu akazinduka kwa hofu. Mtume (S.A.W.) akawaambia kuwa si halali Mwislamu kumtia hofu mwenzake. Ninavyoielewa, waliofanya vile hawakukusudia ubaya, na mwenzao angeweza kuelezwa mara moja kwamba ni utani, akacheka nao. Hata hivyo walikatazwa. Mtoto wa miezi mitano hawezi kuelezwa chochote. Hofu ikimwingia, inabaki hofu tupu.

Ya pili imo katika mkusanyo wa hadithi wa Nasai. Mtume alikuwa akiswalisha, akasujudu, na sijida ikarefuka mpaka watu wakadhani kuna jambo limempata. Baada ya swala akaeleza kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha kabla hajatosheka. Tafakari nani anamchezesha nani hapo. Mtoto ndiye aliyepanda na ndiye atakayeamua kushuka. Mwenye nguvu, kiongozi wa umma mzima, paji lake la uso liko chini, naye anasubiri. Safu zote nyuma yake zinasubiri. Sijui fundisho kubwa kuliko hilo juu ya michezo na watoto, na husikitika nikiona tunawafukuza watoto misikitini kana kwamba hatukuwahi kulisikia.

Mwenzangu wa zamu, Mkatoliki wa Lukuledi, alinionyesha kwamba hata katika Biblia, Isaya sura ya 66, faraja ya Mungu inafananishwa na mtoto anayebebwa na kubembelezwa magotini. Magotini, alisisitiza, mahali ambapo mtoto anauona uso.

Wazee hunipinga, na hoja yao nzito inatoka jandoni. Wanasema: sisi wa kusini tunajua kwamba hofu inakuza mtu. Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde, wote tulipeleka vijana porini wakatishwe, wakafundishwe, wakarudi watu wazima. Hata Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi tangu 1926, hakuifuta jando. Aliipa sura ya Kikristo akiona kuna kitu ndani yake cha kulindwa. Kwa nini basi mtoto wa kiume asizoeshwe mapema? Naiheshimu hoja hiyo na siichukulii kama ujinga. Lakini kijana wa jando alikwenda pamoja na wenzake wa rika, alikuwa na mtu wa kumwangalia usiku na mchana, alifundishwa maneno na nyimbo za kuieleza hofu yake, na siku ya kutoka alipokewa kwa ngoma na nguo mpya. Hofu yake ilikuwa na mwanzo na mwisho uliojulikana na kijiji kizima. Kichanga hana lolote kati ya hayo. Uso wa anayemshika ndio kijiji chake chote.

Ndiyo maana kicheko hakinitoshi kuwa ushahidi. Aliyewahi kutekenywa na kaka yake anajua kwamba mtu anaweza kucheka huku akitamani sana aachwe. Huwa nawaambia akina baba: simama. Acha mikono itulie na umtazame. Mtoto anayetaka zaidi atakurudia kwa macho, atapiga miguu, atakuegemea. Aliyechoka atageuza uso pembeni, atajikakamaza, atapiga miayo, au atanyamaza ghafla. Hiyo ndiyo hapana yake, na hana nyingine mpaka aanze kulia. Mchezo ambao mtoto anaweza kuukatisha nauita halali, hata ukiwa na makelele. Ule asioweza kuukatisha siuhalalishi, hata ukiwa wa taratibu.

Nilisoma pia habari za Waaka, watu wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo, ambao Barry Hewlett, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika kitabu juu yao mwaka 1991. Akina baba wa Waaka hukaa na vichanga vyao kwa muda mrefu kuliko wanaume wa mahali pengi duniani: wanawapakata, wanawalaza vifuani. Na ni nadra sana kucheza nao kwa vishindo. Hewlett alifikiri hawahitaji. Wanamjua mtoto kwa harufu na pumzi, hawana haja ya kumstua ili awaone. Nilipoisoma hiyo nilimwelewa yule baba wa msimu wa korosho. Anarudi nyumbani akiwa mgeni kwa damu yake mwenyewe, mtoto anamlilia, bibi anamwangalia, naye anatafuta kicheko kwa njia fupi. Anaomba imani ambayo hajapata muda wa kuijenga.

Simkaripii. Namwomba alale chali kwenye mkeka, amwache mtoto akae kifuani, amvute ndevu, amwingize vidole puani, ashuke akitaka. Baba mmoja wa Nachingwea aliniuliza: "Sasa mama, akifika mwaka na nusu, akaninyooshea mikono mwenyewe anataka kupaa?" Nikamwambia ampaishe, lakini mikono isimwachie, na asimpandishe juu zaidi ya pale wanapoweza kutazamana. Akasema hapo si juu sana. Nikamjibu kwamba kwa mtu wa urefu ule, pale ni juu ya kila kitu alichowahi kukiona.