Kufufuka kwa Mji wa Yathrib, na Mazingatio Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, Mwenye kuihuisha nchi iliyokufa. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake.

Amma baad. Watu wengi hudhani kuwa mji ni mawe na chokaa, na wauonapo umechakaa husema: “Lau tungelikuwa na mali tungeliufufua.” Basi na wazingatie khabari za Yathrib, ambao ndio Madina, waone ni lipi lililotangulia na lipi lililofuata.

Yathrib ulikuwa mji mgonjwa. Homa yake ilikuwa mashuhuri, na uadui wake ulikuwa mbaya kuliko homa. Ausi na Khazraji, makabila mawili ya asili moja, walipigana miaka mingi, hata katika vita vya Bu‘ath, kiasi cha miaka 5 kabla ya Hijra, wakauana wakubwa wao. Mitende ilikuwako, na visima vilikuwako, na ardhi ilikuwa njema. Na juu ya hayo mji ulikuwa ukifa. Basi mali peke yake haihuishi mji.

Mwaka 621 watu 12 wa Yathrib walifunga ahadi na Mtume (S.A.W.) penye Aqaba. Hawakupewa dhahabu wala askari. Walipewa mwalimu, naye ni Sayyidna Mus‘ab bin Umair. Akafikia kwa As‘ad bin Zurara, akawa akiwasomesha watu Kurani. Imepokewa ya kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwasalisha, kwani Ausi na Khazraji walichukia mmoja wao kumtangulia mwenziwe. Donda lilikuwa bichi, wala hawakungoja lipone ndipo wasali. Walisali, nalo likaanza kupona.

Usaid bin Hudhair alipomwendea na mkuki mkononi ili amfukuze, Mus‘ab hakumkaripia. Alimtaka aketi asikilize. Akipendezwa akubali, na akichukia ataondolewa analolichukia. Usaid akaona hiyo ni insafu, akauchoma mkuki wake chini, akaketi, na hakuondoka illa amesilimu.

Alipohamia Mtume (S.A.W.) mwaka 622, kiwanja cha msikiti wake kilikuwa ni mahali pa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Wakataka kumpa bure, naye akakataa mpaka akakinunua. Palikuwa na magofu, yakasawazishwa. Na mitende, ikakatwa ikawa nguzo. Matofali yalikuwa ya udongo, na mapaa ya makuti, na Mtume mwenyewe akichukua matofali pamoja na watu. Nyumba hiyo ya udongo ikawa na baraka kuliko majumba ya wafalme, kwa kuwa haki ya yatima haikuliwa katika msingi wake.

Kisha akaunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari. Saad bin Rabii alitaka kumgawia Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akauliza soko liliko, akaanza kuuza samli na jibini kavu. Mwenyeji alikunjua mkono, na mgeni hakujifanya mzigo. Na Mtume alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta maji chini yake, alimkemea mwenyewe, akajitenga na kila mwenye kughushi. Na Sayyidna Uthman akakinunua kisima cha Ruma, akawatolea Waislamu wapate kunywa.

Tazama basi taratibu yake: mwalimu, kisha msikiti wa halali, kisha udugu, na soko safi, na maji ya wote. Wala kufufuka huko si kwa siku moja. Imepokewa ya kuwa walikumbushwa Bu‘ath siku moja, Ausi na Khazraji wakaitana silaha, mpaka Mtume akawatokea, akawakumbusha neema ya Mungu, wakalia, wakakumbatiana. Mji uliofufuliwa huweza kufa tena kwa ulimi wa mtu mmoja.

Enyi ndugu wa miji ya pwani! Aonaye mji wake umelala asianze kuhisabu fedha. Na atazame: je, upo msikiti ambao watu wake hawasalimiani kwa sababu ya uimamu? Ipo wakfu iliyouzwa, na wakfu haiuzwi wala hairithiwi? Lipo shamba la yatima mikononi mwa walii anayelila? Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, walii hana ruhusa kuiuza ardhi ya yatima illa kwa dharura au kwa faida iliyo wazi ya yatima mwenyewe. Msikiti ukitengenezwa kwa mali ya dhulma, chokaa itang’ara na mji utabaki maiti.

Basi aliye na wakfu na airudishe mahali pake. Aliyemnunia nduguye na aanze yeye salamu. Mwenye duka na aonyeshe aibu ya bidhaa yake. Na mwenye mtoto na ampeleke chuoni, kwani Madina ulianza kufufuka kwa mwalimu mmoja na watu wachache waliokubali kuketi wasikilize.

Ewe Mola wetu, patanisha nyoyo zetu, tusafishie machumo yetu, na uihuishe miji yetu kwa dini yako. Amin.