Shuka Lililokwisha Kudariziwa

Mavuno ya mtama na alizeti yakwishapo, mama wa Singida ajuaye kudarizi hupata nafasi ya kushika sindano. Kitambaa cheupe hukazwa kwenye fremu, maua huchorwa kwa kalamu, kisha hujazwa nyuzi za rangi, ua moja baada ya jingine. Shuka na foronya zake mbili zaweza kula miezi, hasa kwa mwenye kufanya kazi hiyo usiku tu.

Basi mama amemaliza, amelifua, amelipiga pasi, amempa binti yake siku ya arusi. Mwaka haujapita, binti ameliuza apate dawa ya mtoto. Je, mama amedhulumiwa?

Twasema hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, alifundisha kwamba zawadi ni utoaji usiotazamia kurudishiwa. Mama ahesabuye masiku aliyokesha amempa bintiye deni, tena lisilolipika. Hata hivyo uchungu wake si wa bure: ndani ya nyuzi zile mna nuru ya macho yake, na nani awezaye kuinunua hiyo? Ilimpasa binti kumwambia kwanza, si kwa kuomba ruhusa, bali mama asije akaliona shuka lile limeanikwa uani kwa jirani.