Maono ya Mmoja, Uamuzi wa Wote



Tukitaka kujua mapenzi ya Mungu, mara nyingi kila mtu hujifungia chumbani peke yake. Sala ya siri ni njema. Bwana wetu mwenyewe aliifundisha. Lakini hebu someni tena Matendo ya Mitume, sura ya 16, mstari wa 6 hadi wa 10. Paulo na wenzake walikatazwa kuhubiri Asia. Wakajaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa tena. Walipofika Troa, usiku Paulo akaona maono ya mtu wa Makedonia akiomba msaada. Aliyeona ni mmoja. Lakini habari ya kuamua kwamba Mungu ndiye aliyewaita, Luka aiandika kwa wingi: ni neno la wote.

Mwaka niliostaafu ualimu nilitaka kuuza shamba alilotuachia marehemu baba. Nilisali majuma matatu, nikajiona nimepewa amani. Ndipo mke wangu akaniuliza, "Mwalimu, Mungu umemwuliza. Na mdogo wako je?" Sikuwa nimemwuliza, maana nilijua atakavyojibu. Amani ile ilikuwa ya tamaa yangu tu. Shamba halikuuzwa.

Basi, ndugu, unapoomba uongozi, jiulize: je, ni nani ninayemficha shauri hili? Mwendee huyo kwanza. Huenda jibu unalolingoja kwa Mungu limo kinywani mwake.

Bwana atujalie unyenyekevu wa kusikilizana. Amina.