Nguo ya Kuazima na Nguo ya Kushonwa Upya: Shabiki, Katuni za Filamu na Swali la Uaminifu

Utangulizi

Tangu zama za Plato, nakala imekuwa mtuhumiwa katika baraza la falsafa. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, kitanda cha kweli ni kile cha dhana, cha pili ni cha seremala, na cha tatu ni cha mchoraji, ambaye anaiga kitu ambacho chenyewe ni mwigo. Kwa kipimo hicho, kitabu cha katuni kilichotokana na filamu, ambayo nayo huenda ilitokana na riwaya, kimeuacha ukweli mbali mno. Hata hivyo, yupo msomaji anayekipenda, akakitunza na kukibishania kwa ari kubwa. Je, msomaji huyo amedanganyika? Na kazi chipukizi, yaani kazi inayoota katika shina la mfululizo wa filamu, inadaiwa uaminifu na nani: na asili yake, na mwenye hakimiliki, au na msomaji? Makala haya yanashikilia kwamba mdai mkuu ni msomaji pamoja na mahali anapoishi, na kwamba deni hilo ni zito kuliko mashabiki wenyewe wanavyolidhania.

Funzo la Soko la Toi

Mfano wa kufikiria nao unapatikana katika Soko la Toi, pembezoni mwa Kibera jijini Nairobi, ambako wakazi wa Kibera, wa Kawangware na hata wa mitaa ya wenye nacho hununua mitumba. Koti lililokatwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya hufika hapo likiwa pana na zito. Fundi mwenye cherehani hulipunguza mikono, akalibana kiunoni, akalibadilisha vifungo. Mnunuzi hamuulizi fundi kama amekuwa mwaminifu kwa mshonaji wa kwanza. Huuliza kama koti linamkaa.

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hiyo mara nyingi hutumiwa kuwakejeli waigaji, lakini inatofautisha mambo mawili. Nguo ya kuazima huvaliwa ilivyo, na mwenyewe aweza kuidai wakati wowote. Mtumba umenunuliwa na kukatwa upya, wala hauna mdai. Hadithi inayotoka ng'ambo yaweza kuingia katika jamii kwa njia yoyote kati ya hizo mbili.

Mfano huu una mipaka yake. Aliyelitoa koti alikwisha kuachana nalo, ilhali mwenye hakimiliki ya hadithi hajaachana na chochote. Aidha, koti halisemi neno juu ya mvaaji wake, na hadithi husema.

Amri ya Mwenye Mali

Kisa cha Star Wars kinaonyesha jinsi suala la asili lilivyo tata. Toleo la kwanza la katuni zake, lililochapishwa na kampuni ya Marvel mwaka 1977, liliingia madukani kabla ya filamu kuanza kuonyeshwa mwezi Mei mwaka huo. Chipukizi lilitangulia kuonekana kabla ya shina. Baada ya matoleo sita ya mwanzo kuifuata filamu, waandishi walianza kubuni visa vyao, na mfululizo ukaendelea hadi toleo la 107 mwaka 1986. Kisha, mwaka 2014, kampuni ya Lucasfilm ilitangaza kwamba karibu hadithi zote za vitabu na katuni zilizotangulia zihesabiwe kuwa ngano tu, si sehemu ya historia rasmi ya ulimwengu ule.

Amri kama hiyo ina nguvu ya kisheria na ya kibiashara. Haina, hata hivyo, nguvu ya kurudi nyuma na kufuta alichokwisha kukisoma mtu. Kijana aliyesoma toleo moja lililochakaa, lisilo na jalada, bila kuliona lililolitangulia wala lililolifuata, alikutana na hofu, ujasiri na msamaha. Ikiwa alijifunza kitu juu ya ujasiri, hakuna ofisi iwezayo kutangaza kwamba hakujifunza. Kwa maana hiyo shabiki hajadanganyika. Lakini hoja hii inathibitisha tu kwamba mwenye mali si hakimu wa mwisho. Haithibitishi kwamba shabiki hana hakimu.

Spearman na Gamba

Afrika Mashariki ina kisa chake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala waligombea jarida la African Film, lililosimulia kwa picha za kamera na maneno ya vibonzo visa vya mpelelezi Lance Spearman. Uhusiano wake na mfululizo wa filamu za James Bond, ulioanza na Dr. No mwaka 1962, haukufichwa: gari la kasi, mavazi ya kifahari, wataalamu waovu na mitambo yao ya ajabu.

Uzito wa jarida hilo unaonekana likilinganishwa na filamu yenyewe. Katika Dr. No, Mweusi anayemsaidia Bond ni Quarrel. Huyu huamrishwa amchukulie Bond viatu vyake, na baadaye huungua akafa kabla ya ushindi. Spearman, aliyeigizwa na Jore Mkwanazi, ni kana kwamba Quarrel amekataa kuviokota viatu vile, akachukua nafasi ya bwana wake. Kwa kijana wa miaka ile, jambo hilo halikuwa dogo. Mhakiki anayeliita kasumba tupu hajaupima uchu wa hadhi uliolifanya lisomwe.

Hata hivyo, Spearman alitolewa na kampuni ya Drum ya Jim Bailey, yenye asili yake Afrika Kusini, na picha zake zilipigwa kusini mwa Afrika wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa umeshika hatamu. Mji anaoulinda hauna jina. Ndani yake Mwafrika huendesha gari apendako, na hakuna anayemdai kitambulisho cha kupitia. Ubaguzi ule haupingwi wala hautajwi. Koti linamkaa msomaji vizuri sana; lakini limeshonwa lisitiri jambo ambalo msomaji alihitaji kuliona.

Willy Gamba wa Elvis Musiba anaonyesha njia nyingine. Ingawa ni shujaa wa riwaya na si wa katuni, anaota katika shina lile lile la Bond. Katika Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979), miji ina majina: Nairobi, Kinshasa. Adui naye ana jina, nalo linahusu harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Musiba amelikata koti la jasusi wa Kiingereza, aliyekuwa mlinzi wa himaya, akamvika mtetezi wa wapigania uhuru. Kwamba hakulikata vya kutosha ni wazi pia: wanawake wengi katika riwaya hizo wamebaki kuwa pambo au mtego, kama walivyo katika filamu za Bond. Hapo Musiba aliazima bila kushona.

Deni la Jina

Huenda ikatolewa hoja kwamba burudani haina wajibu wa kutaja miji na madhila yake. Kwamba mtu aliyechoka ana haki ya kupumzika katika mji usio na jina. Haki hiyo ipo. Lakini shabiki hadai kupumzika tu. Hudai kwamba shujaa wake ni wake, kwamba humpa kielelezo cha kuishi. Anayedai hivyo amekubali kuulizwa maswali ya maisha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Soko la Toi liliteketezwa, na wachuuzi wakalijenga tena. Shujaa ambaye mji wake hauna jina hawezi kuulizwa alikuwa wapi siku hiyo. Shujaa wa Nairobi yenye jina anaweza kuulizwa, na mwandishi wake akalazimika kujibu au kunyamaza mbele ya watu.

Hitimisho

Wahakiki wa fasihi pendwa wamezoea kuzipima kazi chipukizi kwa ukaribu wake na asili, nao mashabiki huzipima kwa raha wanayoipata. Vipimo vyote viwili havitoshi. Cha kwanza humfanya mwenye mali kuwa hakimu wa maana. Cha pili humwacha msomaji bila hakimu. Swali linalofaa ni lile la mnunuzi wa Toi, likiongezewa la pili: koti linamkaa nani, na katika kumkaa, linasitiri nini? Spearman anajibu la kwanza kwa ufasaha na kulikwepa la pili. Gamba anayajibu yote mawili nusunusu. Shabiki anayeyauliza yote mawili hapunguzi mapenzi yake kwa shujaa, maana ni yeye aliyemchukua kwa uzito uliomstahili.