Merikebu ya Ngano Huko Kreta

Katika nyumba nyingi za Wakristu kule Mgeta, milimani Uluguru, wamo wazee ambao hawajapata kuiona bahari. Hata hivyo mto wao wa Mgeta huteremka ukaingia Ruvu, na Ruvu humwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo, pale pale walipotua Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Unguja mwaka 1868. Kwa hiyo habari za merikebu si ngeni kwa watu wa mlimani kama wengine wadhanivyo, maana imani yao nayo ilivuka bahari.

Leo twawaalika tusafiri pamoja hadi Kreta, kisiwa kikubwa cha Ugiriki. Siku hizi wenye nafasi hukodi mashua za matanga wakazunguka visiwa vile kwa starehe wakati wa kiangazi, upepo wa kaskazini ukiwasukuma. Mtakatifu Paulo alifika huko kwa tanga pia, wala hakwenda kustarehe. Alikuwa mfungwa, akipelekwa Roma chini ya ulinzi wa akida aitwaye Yulio, katika merikebu ya Aleksandria iliyobeba ngano. Luka ametuandikia yote katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Nasi twaomba baba wa kila nyumba aisome jioni hii mbele ya watoto wake, maana ni hadithi tamu.

Walitia nanga pwani ya kusini ya kisiwa, mahali paitwapo Bandari Njema. Jina lilikuwa zuri kuliko bandari yenyewe. Siku ya kufunga ya Wayahudi ilikwisha kupita, yaani majira ya kusafiri yalikuwa yakiisha na dhoruba za baridi zilikuwa karibu. Wenzetu wa Pwani waelewa jambo hili bila kufundishwa, kwani tangu zamani majahazi yao yalingoja kaskazi na kusi, wala hakuna nahodha mwenye akili aliyeshindana na majira. Paulo akawaonya waziwazi: wakiondoka sasa watapata hasara, si ya shehena na merikebu tu, bali ya roho za watu pia.

Akida akamsikiliza nani? Akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Tusiharakishe kumhukumu. Nahodha alikuwa fundi wa kazi yake, na Paulo alikuwa mshona mahema aliyefungwa. Tena walio wengi walitaka kuondoka. Kisha upepo wa kusi ukavuma taratibu, wakaona mambo yamewanyokea, wakang'oa nanga. Baada ya kitambo kidogo tufani ikashuka kutoka kisiwani ikawachukua.

Twaandika haya tukikumbuka tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Nyanza. Kilijengwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Ziwa lilikuwa na watu waliotaka kufika nyumbani na mizigo yao, kama mtu yeyote atakavyo.

Na kule Mgeta? Hakuna merikebu, lakini yako malori. Kabichi, viazi na karoti za Nyandira na Langali hazingoji. Zikilala siku mbili tatu bei huanguka. Basi wakati wa masika, barabara ya kuteremkia Mlali ikiwa tope na genge likiwa chini ya gurudumu, gunia la lumbesa hupandishwa juu ya gunia, na juu yake hupandishwa mama na mtoto wake mgongoni. (Lumbesa yenyewe ni dhuluma kwa mkulima, nasi tutaisema siku nyingine.) Utingo aona hatari. Dereva naye aiona. Lakini mwenye mzigo ana haraka, na mvua imekatika kidogo asubuhi hiyo, kama ule upepo wa kusi.

Ndugu mwenye lori, hatukuiti mwuaji. Twakuuliza tu: siku ile mtu mnyonge, pengine mama mzee asiye na nauli kamili, asemapo kwamba gari limezidi, wamsikiliza au wamcheka? Na ninyi wazazi mnaomhimiza kijana apande tu, awahi soko la Dar es Salaam, swali hili lawahusu pia.

Hebu turudi merikebuni. Siku ya pili ya tufani walianza kutupa shehena. Siku ya tatu wakatupa vyombo vya merikebu kwa mikono yao wenyewe. Usiku wa kumi na nne mabaharia walitaka kutoroka na mashua ndogo, wakijisingizia kwamba waenda kutia nanga. Paulo akamwambia akida kuwa hao wakiondoka, waliobaki hawataokoka. Safari hii akida akasikia, na askari wakazikata kamba za mashua. Kulipokaribia kupambazuka, Paulo akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akala. Nao wakapata moyo wakala, watu 276. Walipokwisha kushiba wakaimwaga baharini ngano iliyobaki, ile ile ambayo kwa ajili yake safari ilifanywa. Wote wakafika pwani ya Malta wakiwa hai, wengine wakielea juu ya mbao. Mwenye merikebu alisema nini alipoiona ngano ikizama, Luka hakuandika.