WAZO LA LEO: Utazame Udongo Wako

Mkoa wa Simiyu, nchini Tanzania, ulianzishwa mwaka 2012. Katika miaka yake ya mwanzo ulifuata mpango wa "wilaya moja, bidhaa moja": wilayani Maswa vijana wakatengeneza chaki; wilayani Meatu, penye ng'ombe wengi, wakasindika maziwa. Na pamba, inayolistahimili jua la Bariadi, ikabaki dhahabu yao nyeupe.

Nawe anza na ulichonacho. Udhaifu wako urekebishe usikuangushe, lakini nguvu zako ndizo zikubebe. Mkulima hapandi mpunga kilimani kwa sababu jirani kavuna bondeni. Kwanza huutazama udongo wake. Leo, chagua jambo moja unalolifanya vizuri kuliko mengine, ulitengee saa moja zaidi. Mtaji wako umo mikononi mwako.